Kukloni jeni ya kimeng'enya cha serotonini kwenye panya: dalili, visababishi na namna ya kujinasua

Anayekwama kwenye kazi hii ya kunakili jeni na kuipandikiza kwenye bakteria kwa kawaida huilaumu PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA, kwanza. Anabadilisha joto, anaongeza magnesiamu, ananunua polimerezi mpya (kimeng'enya kinachonakili DNA), na jeli ya kupimia urefu wa DNA inabaki tupu vilevile. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla mashine haijawashwa: ametafuta jeni isiyo yake, au ametafuta jeni sahihi kwenye nyama isiyokuwa nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia huko, na mambo ya benchi yanafuata baadaye.

Kimeng'enya tunachokizungumzia ni triptofani haidroksilesi, kwa kifupi TPH. Kwa msaada wa oksijeni, chuma na kiambata kiitwacho tetrahaidrobiopterini (BH4), TPH huigeuza triptofani kuwa 5-HTP, kisha kimeng'enya kingine huimalizia kuwa serotonini. Hatua ya TPH ndiyo ya polepole kuliko nyingine, kwa hiyo ndiyo inayoamua kasi ya kazi nzima.

Kabla ya yote: unatafuta TPH ipi?

Jeni ziko mbili. Tph1 hufanya kazi kwenye tezi ya pineali, kwenye seli za enterokromafini za utumbo na kwenye seli masti. Tph2 ni ya seli za neva, hasa zile za viini vya rafe kwenye shina la ubongo. Kwa panya mdogo (Mus musculus), Tph1 iko kromosomu ya 7 na protini yake ina amino asidi 447. Tph2 iko kromosomu ya 10 na protini yake ina amino asidi 488. Kwa panya mkubwa (Rattus norvegicus), hesabu ni 444 na 485. Yaandike mahali unapoyaona, kwa sababu urefu wa bendi utakaoutarajia kwenye jeli unatokana nayo: zidisha kwa tatu, ongeza kodoni ya kukomea, na unapata kati ya besi 1335 na 1467 kwa sehemu yote inayosomwa kuwa protini.

Kuchanganya jeni hizi mbili si jambo la wanaoanza peke yao. Miaka ya 1980 kloni za kwanza za panya zilitoka kwenye pineali ya panya mkubwa, na mwaka 1990 ikafuata ile iliyotoka kwenye seli za uvimbe wa masti za panya mdogo. Vipande hivyo vilipotumika kutafuta mRNA (nakala ya jeni inayosomwa kuwa protini) kwenye ubongo, ishara ilikuwa hafifu mno ukiilinganisha na wingi wa protini iliyoonekana kwenye rafe, na watu wakatafuta kila aina ya maelezo. Mwaka 2003 kundi la Michael Bader mjini Berlin lilizima Tph1 kwenye panya mdogo. Serotonini ya damu na utumbo ikaanguka, ya ubongo ikabaki karibu kama ilivyokuwa, na Tph2 ikajulikana. Kwa hiyo ukikuta praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) au maelezo ya kabla ya 2003 yanayotaja "TPH ya ubongo", usiyachukue juu juu. Mara nyingi mfuatano ule ni wa Tph1.

Dalili ya 1: jeli haina bendi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Usiguse praima zako kabla ya kupima cDNA ileile (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) kwa praima za Actb au Gapdh, jeni zinazofanya kazi karibu kila seli. Zikikosa nazo, tatizo ni RNA au hatua ya kuigeuza kuwa cDNA. Ruka hadi sehemu hizo hapa chini. Zikitoa bendi nzuri na TPH ikakosa, soma aya zinazofuata kwa mpangilio wake.

*Nyama si yake.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza. Gamba la ubongo lina serotonini, hipokampasi inayo pia, na mtu hujiambia kwamba penye serotonini pana jeni. Hapana. Serotonini na kimeng'enya husafiri kwenye aksoni hadi mbali, lakini mRNA karibu yote hubaki kwenye mwili wa seli, na miili hiyo imejikusanya kwenye rafe. Kutoa RNA ya gamba la ubongo ili kukloni Tph2 ni kutwanga maji kwenye kinu. Hata ukichukua shina zima la ubongo, seli za serotonini ni chache ndani ya nyama nyingi isiyohusika, na ishara inazama.

Kata ubongo kwa vipande vya milimita moja juu ya barafu, ukiutazama kwa mbele. Unapofika usawa wa ubongo wa kati, utaona tundu dogo katikati kabisa: ule ndio mfereji wa ubongo, umezungukwa na duara la kijivu. Rafe ya mgongoni imelala chini tu ya tundu hilo, juu ya mstari wa katikati. Chukua kipande chembamba hapo, usitanue mkono kwenda pembeni. Ukitanua unabeba maeneo jirani yenye seli za dopamini, na hilo litakusumbua kwenye dalili ya pili.

Anayetafuta Tph1 ana kazi nyingine. Pineali ya panya mkubwa ina uzito wa takriban miligramu moja, na imekaa juu kabisa, chini ya fuvu. Ukibandua fuvu kwa haraka, tezi huondoka nalo. Kabla ya kuandika kwenye daftari kwamba mnyama hakuwa na pineali, geuza kile kipande cha fuvu uangalie upande wa ndani. Mara nyingi utaikuta imeng'ang'ania kwenye utando. Na saa ya kuchukua ina uzito wake: mRNA ya Tph1 kwenye pineali hupanda usiku. Sampuli za mchana zinaweza kufaa, ila ukiwa na ishara dhaifu, chukua gizani kwa kutumia mwanga hafifu mwekundu.

Ukitaka kupima praima za Tph1 bila kuua mnyama hata mmoja, tumia seli za P815 kwa panya mdogo au RBL-2H3 kwa panya mkubwa. Zikishindwa hata huko, sasa una haki ya kulaumu praima.

*RNA imeoza.* Pitisha RNA kwenye jeli. Unataka bendi mbili zilizo wazi za RNA ya ribosomu, 28S na 18S, ya juu ikiwa na nguvu karibu mara mbili ya ile ya chini. Ukiona ukungu unaoteremka hadi chini, acha. Hakuna ujanja wa PCR utakaokupa jeni nzima kutoka kwa vipande vilivyosagika. Utumbo ndio mbaya zaidi, maana umejaa vimeng'enya vinavyokula RNA: ufungue, usuuze kwa bafa ya baridi, na uutie kwenye naitrojeni ya kimiminika au myeyusho wa kuhifadhia RNA ndani ya dakika chache. Uwiano wa ufyonzaji mwanga wa 260/280 ukiwa karibu na 2.0 lakini ule wa 260/230 uko chini sana, RNA yako haina protini nyingi ila imebeba mabaki ya guanidini au fenoli. Ioshe tena kwa ethanoli ya asilimia 75.

*cDNA haikufika mwanzo wa jeni.* Hapa wengi hupotea, kwa sababu Actb inatoka vizuri na wanaamini cDNA ni nzima. Actb ni nakala nyingi mno, itatoka hata kwenye cDNA mbovu. Tengeneza jozi mbili fupi za praima za TPH, moja karibu na mwisho wa 3' na nyingine karibu na mwanzo wa 5'. Ya 3' ikitoka na ya 5' ikakosa, kimeng'enya cha kutengenezea cDNA kiliachia njiani. Tumia kinachostahimili joto, endesha kwa nyuzi 50 hadi 55, na badala ya praima za oligo-dT (zinazoshika mkia wa mRNA) peke yake changanya na heksama nasibu (praima za besi sita zinazoshika popote), au tumia praima ya jeni yenyewe iliyokaa mara tu baada ya kodoni ya kukomea.

*PCR yenyewe.* Sasa, ndiyo. Jaribu ngazi ya joto la kushikana, nyuzi mbili mbili. Ipe dakika moja kwa kila besi elfu kama ni Taq, polimerezi ya kawaida. Ikibaki hafifu, fanya PCR ya awamu mbili, ya pili kwa praima zilizo ndani ya zile za kwanza.

Simama hapa: fenoli ya kutolea RNA huunguza ngozi na huweza kuleta ganzi, hivyo mtu akachelewa kujua ameungua. Ikikumwagikia, fuata utaratibu wa dharura wa maabara na umwone daktari, usimalizie sampuli kwanza. Usimwage kamwe dawa ya klorini kwenye taka zenye guanidini. Mchanganyiko huo hutoa gesi zenye sumu. Na kama huna kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na mafunzo ya kuua mnyama bila mateso, kazi ya kutoa ubongo au pineali si yako. Mpe mtaalamu wa kituo cha wanyama.

Dalili ya 2: bendi ipo, ila ina mashaka

Ikiwa chini ya besi 100, ni praima zilizoshikana zenyewe. Pita.

Ikiwa ndefu kuliko unavyotarajia na umetumia jozi fupi, shuku DNA ya jenomu. Sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kutengenezea cDNA itakuambia ukweli: ikitoa bendi ileile, tibu RNA kwa DNesi, au chora praima zinazokaa kwenye maungio ya eksoni (sehemu za jeni zinazobaki kwenye mRNA). Kwa jozi inayochukua jeni nzima hofu hiyo haipo, kwani introni (sehemu zinazokatwa na kuondolewa kwenye mRNA) zinairefusha jeni kufikia makumi ya maelfu ya besi na PCR ya kawaida haiwezi kuivuka.

Mashaka makubwa ni bendi yenye urefu unaofaa kabisa. TPH ina ndugu wawili wa karibu, tairosini haidroksilesi (Th) na fenilalanini haidroksilesi (Pah). Sehemu yao ya katikati, inayofanya kemia, imefanana sana, na urefu wao hautofautiani vya kutosha kuonekana kwenye jeli. Praima zilizochorwa kwenye sehemu hiyo, hasa zile zenye besi mchanganyiko, zitashika yoyote iliyo tele. Kwenye ubongo wa kati iliyo tele ni Th. Chora praima kwenye ncha, maana mwanzo wa protini ndipo ndugu hawa wanapoachana zaidi, na Tph2 ina kipande cha ziada cha amino asidi zaidi ya 40 ambacho Tph1 haina. Kisha kata bidhaa ya PCR kwa kimeng'enya kimoja ambacho ramani inasema kinakata TPH yako na hakikati Th, uone vipande.

Bendi fupi kuliko inavyotakiwa usiitupe kabla ya kuisoma. Inaweza kuwa praima imeshika pasipo pake, inaweza kuwa nakala iliyoruka eksoni.

Dalili ya 3: sahani tupu, au koloni zote hazina kitu ndani

Hapa TPH haina upekee wowote, kwa hiyo nitapita haraka. Tia pUC19 nzima, plazmidi ya kawaida isiyo na jeni yako, kwenye bakteria walewale. Koloni zisipotoka, bakteria wamekufa au antibayotiki si ya vekta yako (DNA inayobeba jeni ndani ya bakteria). Wala si kosa la jeni. Zikitoka kwa wingi, angalia bafa ya ligesi, kimeng'enya kinachounganisha jeni na vekta. ATP iliyomo huharibika kila inapoyeyushwa na kugandishwa, na chupa iliyozunguka benchi miezi mingi ni ya kutupa. Igawe kwenye vichupa vidogo ikiwa mpya.

Kosa linalofuatia: umetumia polimerezi ya usahihi wa juu, inayoacha ncha butu, kisha ukaunganisha na vekta inayotaka ncha yenye A. Ongeza Taq na dATP, nyuzi 72 kwa dakika 20, uunganishe tena. Au umeweka mahali pa kukatia kwenye ncha kabisa ya praima bila besi za ziada, na kimeng'enya hakikupata pa kushika; besi nne hadi sita mbele yake zinatosha. Au mahali palepale pa kukatia pamo ndani ya jeni yenyewe, ukaikata vipande viwili bila kujua. Ramani ya mfuatano ingekuonya.

Mwanga wa urujuanimno ni adui asiyeonekana. Sekunde nyingi juu ya taa ya wimbi fupi huharibu DNA kiasi kwamba inaungana lakini haizai koloni. Tumia taa ya wimbi refu au ya bluu, kata haraka. Linda macho na ngozi, na rangi ya ethidiamu bromaidi ishikwe kwa glavu, taka zake zikae peke yake.

Vikoloni vidogo vinavyozunguka koloni kubwa kwenye ampisilini havina plazmidi. Usivichukue.

Dalili ya 4: mfuatano uliosomwa haulingani na kumbukumbu

Uliza kwanza: mfuatano wa kumbukumbu unaolinganisha nao ni wa panya yupi? Watu hulinganisha kloni ya panya mkubwa na mfuatano wa panya mdogo, wakahesabu tofauti nyingi na kuvunjika moyo bure.

Kama spishi ni sahihi na tofauti ni moja tu kwenye Tph2 ya panya mdogo, angalia ni ipi. Ipo tofauti maarufu iitwayo C1473G, iliyoelezwa mwaka 2004, inayobadilisha prolini ya 447 kuwa arijinini. Panya wa ukoo wa C57BL/6 wana C. BALB/c na DBA/2 wana G, na kimeng'enya chao hufanya kazi kwa kiwango kilicho chini sana, karibu nusu kwa vipimo vya awali. Hilo si kosa la PCR, ni mnyama wako. Wengi huitafuta nafasi ya 1473 kwenye kloni yao wasiione, na hawawezi kuiona: sehemu inayosomwa ina besi 1467 tu. Namba ile ilihesabiwa tangu mwanzo wa mRNA. Ukihesabu kutoka A ya ATG, nenda kwenye besi ya 1340. Andika aina ya panya kwenye daftari kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu kloni ya BALB/c iliyotumwa kwa wenzako kama "Tph2 ya kawaida" itawapotosha kwa miaka.

Tofauti zilizotawanyika, kila kloni na yake, ni makosa ya polimerezi. Taq ya kawaida, kwa mizunguko 30 na jeni ya urefu huu, inaweza kukuachia takriban kosa moja kwa kila kloni. Tumia polimerezi ya usahihi wa juu, punguza mizunguko, na soma kloni tatu au zaidi zilizotoka kwenye PCR tofauti, pande zote mbili. Tofauti inayojirudia kwenye PCR zisizohusiana ni ya mnyama. Isiyojirudia ni ya mashine. Ukishindwa kuamua, usitengeneze protini. Peleka DNA ya jenomu ya mnyama yuleyule kwa kituo cha kusoma mfuatano, wamalize ubishi.

Dalili ya 5: jeni ni safi, protini haionekani au yote iko kwenye mashapo

Isipoonekana kabisa, rudi kwenye maungio: je, fremu ya kusomwa imehama kwa besi moja? Kodoni ya kukomea imebaki kabla ya tagi uliyoiweka mwishoni? Baada ya hapo ndipo ufikirie kodoni adimu na aina ya bakteria inayozisaidia.

Kuiona yote kwenye mashapo ni jambo la kutarajiwa. TPH nzima haipendi E. koli, hujikunja vibaya na kugandamana. Shusha joto hadi nyuzi 16 au 18 baada ya kuongeza IPTG (kemikali inayowasha utengenezaji wa protini), punguza IPTG hadi milimola 0.1, na uache usiku mzima. Isiposaidia, iunganishe na MBP, protini inayosaidia nyingine kubaki kwenye myeyusho. Njia ya uhakika zaidi, kama swali lako ni kemia na si udhibiti, ni kukata sehemu ya mwanzo inayodhibiti, takriban amino asidi 100 za kwanza kwa TPH1, ukabakiza sehemu ya kemia. Ila ukishaikata, huwezi tena kusema lolote kuhusu fosfati inayowekwa kwenye serini za mwanzo, wala ushikamano na protini za 14-3-3. Amua kabla.

Kuyeyusha mashapo kwa urea na kujaribu kuikunja upya sikushauri. Ukifika hapo, ongea na mtu wa biokemia ya protini, au hamia kwenye seli za wadudu au za mamalia. Kabla ya kuhama, afisa wa usalama wa kibayolojia aone plazmidi na seli unazotaka kutumia.

Dalili ya 6: protini ipo, kazi haifanyi

Shuku mchanganyiko wa kipimo kabla ya kushuku kloni. BH4 huoksidika haraka ikiwa kwenye maji. Ipime siku hiyohiyo, iweke kwenye barafu pamoja na DTT inayoikinga na uoksidishaji, mbali na mwanga. Chuma lazima kiwe Fe2+, na myeyusho uliogeuka rangi ya kutu umeshakuwa Fe3+. Ongeza katalesi ili kuondoa peroksaidi inayoua kimeng'enya. Halafu punguza triptofani: kwa TPH1 nyingi mno huzuia kazi badala ya kuichochea, na anayemimina zaidi ili "kusaidia" anazidi kuidhoofisha.

Kwenye seli za binadamu za maabara kama HEK293, BH4 ya ndani ni haba, hivyo wape seli BH4 au sepiapterini, ambayo seli huigeuza kuwa BH4. Dawa ya NSD-1015 huzuia kimeng'enya kinachofuata, ili 5-HTP ijikusanye uweze kuipima.

Kila mara weka kichupa kisicho na BH4 na kingine chenye kimeng'enya kilichochemshwa. Pima 5-HTP kwa HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) yenye kigunduzi cha mng'ao, kwa mwanga wa kuamsha wa takriban nanomita 300. Kichupa kilichochemshwa kikitoa kilele sawa na kile cha kimeng'enya hai, unachokiona si 5-HTP iliyotengenezwa na TPH. Mwite anayeiendesha HPLC akague safu na viwango kabla hujatumia sampuli nyingine.